Jembe la Mhubiri: Kupanda Kanisa kwa Mikono ya Wenyeji

Kupanda kanisa ni kuanzisha kusanyiko la waumini mahali ambapo halikuwapo. Neno lenyewe limetoka shambani, na mkulima anajua kwamba mche haukui ukiwa umeshikiliwa. Hapo ndipo wanateolojia wanapotofautiana. Kusanyiko huwa kanisa lini: siku linapopata watu, siku linapoezekwa, au siku linapoweza kujihubiria, kujilisha na kujiongoza bila mtu wa nje?

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mbegu hiyo huitwa mtaa. Huanzia sebuleni kwa mtu au chini ya mwembe, watu wakikalia mbao zilizolazwa juu ya matofali. Baadaye husimama kibanda cha mabanzi na bati. Anayekaa na watu hao juma zima ni mwinjilisti, si mchungaji. Ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara, anayekesha kwenye misiba, anayesuluhisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba. Mchungaji ana mitaa mingine ya kuhudumia, hivyo hufika kwa zamu. Ibada ikiisha, mayai, kuku, miwa na mikungu ya ndizi iliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya mlango, na mayai matatu ya bibi asiye na fedha yanaweza kupandishwa bei, watu wakicheka, mpaka yapite bei ya trei nzima. Mnada huo ni hazina ya mtaa: humo hutoka misumari, mafuta ya taa na posho ya mwinjilisti, ambayo mara nyingi ni ndogo kiasi kwamba asipolima hali.

Wanaotafuta kielelezo cha kazi hii hurudi kwa Paulo. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamwonyesha akiwa na sabato tatu tu za kuhojiana na watu katika sinagogi la Thesalonike, mwaka na nusu Korintho, na miaka miwili Efeso akifundisha kila siku katika darasa la Tirano. Listra na Ikonio, ambako alikuwa amepigwa vita waziwazi, alirudi pamoja na Barnaba, wakaweka wazee katika kila kanisa, wakaondoka. Wazee hao hawakuletwa kutoka Antiokia, kwenye kanisa lililowatuma Paulo na Barnaba. Walikuwa watu wa palepale, walioamini muda mfupi tu uliopita.

Wamisionari wa karne ya 19 walikisoma kitabu hicho, kisha wengi wao wakafanya kinyume chake. Walijenga vituo, wakakaa miaka 30, na waumini wakabaki wasaidizi katika kanisa la mgeni. Henry Venn, katibu wa Church Missionary Society kuanzia 1841 hadi 1872, alilitambua tatizo hilo mapema. Yeye na Mmarekani Rufus Anderson walitaka kanisa linalojiongoza, linalojitegemea na linalojieneza, na Venn hakuficha kwamba lengo la misheni ni kufikia mahali pa kufa. Mwaka 1890 John Nevius, aliyefanya kazi China, aliwaeleza wamisionari vijana mjini Seoul kanuni za jinsi hiyohiyo: aliyeamini abaki na kazi yake na majirani zake, na kanisa lijengwe kwa namna ambayo wenyeji wanaimudu kwa mifuko yao.

Roland Allen aliisukuma hoja hiyo mbali zaidi. Alikuwa kasisi Mwanglikana wa Uingereza aliyehudumu China kaskazini, na mwaka 1912 alitoa kitabu kilichouliza kama mbinu za misheni ni za Mtakatifu Paulo au ni za wamisionari wenyewe. Kwake, kujitegemea si cheti cha kuhitimu kinachotolewa baada ya miaka mingi ya uangalizi. Kanisa hupewa vyote tangu mwanzo: imani, Maandiko, sakramenti na wazee wake, kisha mgeni huondoka. Cha ajabu, mtu huyu aliyetaka wageni waondoke mapema alihamia Kenya uzeeni, akajifunza Kiswahili, akatafsiri Al-Inkishafi na tenzi nyingine kwa Kiingereza, na akafia Nairobi mwaka 1947.

Hoja yake ina tundu, na wapinzani wake waliliona. Mara nyingi Paulo alikuwa akiwahubiria Wayahudi na watu waliohudhuria masinagogi, ambao tayari walikuwa na Torati, zaburi na mazoea ya kusoma. Kijiji ambacho lugha yake haijaandikwa ni habari nyingine. Tena Paulo hakuwatupa watu wake: aliandika barua kali na kuwatuma Timotheo na Tito, na Korintho bado walifika mahali pa kulewa mezani pa Bwana. Kuondoka ni jambo moja, kutelekeza ni jambo jingine, na Allen hakuupa mstari huo uzito unaostahili.

Hata hivyo historia ya Afrika Mashariki iko zaidi upande wake. Mwishoni mwa 1882 wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadri Weupe walilazimika kuiacha Buganda, wakaenda kukaa Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria. Waliporudi mwaka 1885 hawakukuta magofu. Waliokuwa wamewaacha walikuwa wamefundisha wengine, na wasomaji, kama Wakristo walivyoitwa Buganda, walikuwa wameongezeka. Mambo kama hayo yalitokea Tanganyika Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani: walimu na wazee wa kanisa waliendesha ibada, shule na nidhamu za sharika. Vita vya Pili vilipowaondoa tena, kazi ilikuwa na wenyewe. Ni hoja nzito, kwa sababu hakuna aliyeipanga.

Lakini mhubiri apatikane wapi, na afundishwe nini? Njia ya kwanza ni chuo. Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kulikuwa na chuo cha theolojia, ambacho mwaka 1930 kilihamia Limuru na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Walutheri walianza Lwandai, Usambaa, mwaka 1947, wakahamia Makumira karibu na Arusha mwaka 1954. Vyuo hivi vimetoa maaskofu na wasomi, na bila wao kanisa lingekosa watu wa kuisoma Biblia kwa lugha zake za asili. Gharama yake haionekani mara moja. Kijana anayetolewa kijijini kwa miaka mitano hurudi na vitabu, na anastahili mshahara ambao mnada wa mayai hauwezi kuulipa. Hupangiwa mjini. Kijiji kilichomtoa huendelea na mwinjilisti.

Njia ya pili ilianzia Guatemala mwaka 1963, wakati chuo cha Wapresbiteri kilipoamua kuwafuata wanafunzi badala ya kuwaita. Mwanafunzi husoma nyumbani kwa vitabu vilivyoandikwa kwa kazi hiyo, akiendelea kulima au kuuza duka, kisha mara moja kwa juma hukutana na mwalimu na wenzake. Kwa Kiswahili mpango huu hujulikana kama Elimu ya Theolojia kwa Enezi. Faida yake kubwa ni kwamba humfundisha aliyekwisha kuaminiwa na watu wake, mara nyingi mtu mzima mwenye familia, badala ya kijana ambaye bado hajajulikana ni mtu wa namna gani.

Siku hizi hata serikali zimeingia katika swali hili. Wahubiri waliojitawaza wenyewe, wenye spika kubwa na wasiowajibika kwa yeyote, wamewafanya wengi waone kwamba elimu ndiyo dawa. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayodai shahada ya masomo ya dini kwa wanaoongoza makanisa, ikawapa miaka 5 ya kujiandaa. Hofu hiyo ina sababu, ila dawa imekosa ugonjwa: anayewadanganya watu hapungukiwi elimu bali wazee wa kumkalisha chini, na shahada haimpi wazee hao.

Limebaki suala la meza. Katika makanisa ya Kilutheri, Kianglikana na Kikatoliki, mwinjilisti au katekista huweza kufanya karibu kila kitu isipokuwa kuadhimisha Chakula cha Bwana. Mtaa wenye mhubiri wake hukaa wiki nyingi bila sakramenti, ukimsubiri mwenye daraja takatifu. Allen aliikosoa hali hii, akashauri wawekewe mikono wazee wanaoishi kwa kazi zao wenyewe, bila mshahara. Wanaompinga wanahofia kushusha hadhi ya daraja. Lakini kusanyiko lisiloweza kuandaa meza yake lenyewe bado linalelewa, hata kama limefikisha miaka 50.

Apolo Kivebulaya aliyapitia yote haya. Mganda huyu alibatizwa mwaka 1895, akapelekwa Toro mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akaenda Mboga, ambako leo ni Kongo. Waliomtangulia walikuwa wameshindwa kwa sababu chifu aliwanyima chakula. Inasimuliwa kwamba Apolo alinunua jembe kabla ya kuondoka. Alichapwa, akafungwa, akarudi tena. Alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, akafundisha wahubiri na kuwafikia Wambuti wa msituni, mpaka alipofariki hukohuko mwaka 1933. Mwaka 1972 kazi iliyotokana na jembe hilo ilifanywa dayosisi. Askofu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza.