Chovya Chovya Humaliza Buyu la Asali: Methali na Suala la Kudumu katika Ulaji wa Wanga Kidogo

Methali isemayo kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali hutumiwa kwa kawaida kuwaonya watu wanaotumia mali kidogo kidogo bila kuangalia kiasi kilichobaki, na kwa sababu hiyo huwekwa katika fungu moja na bandu bandu huisha gogo, kana kwamba zote mbili zinasema jambo lilelile. Fungu hilo si la makosa, lakini linaficha tofauti yenye uzito. Gogo hubanduliwa kwa shoka na kwa jasho, tena hubanduliwa mbele ya macho ya watu, ilhali asali huchovywa kwa kidole, huliwa kwa ajili ya utamu wake, na huhifadhiwa ndani ya buyu, yaani chombo cha ganda kavu lisilopitisha mwanga, ambacho mtu akikitazama kwa nje hawezi kujua kama kimejaa au kimebaki nusu. Mambo haya mawili, utamu wa kitu kinachopungua na kufichika kwa upungufu wenyewe, ndiyo yanayoifanya methali hii kuwa fundisho la maadili lililo pana kuliko uwekaji wa akiba, na ndiyo yanayoifanya iwaeleze vyema watu walioamua kupunguza wanga katika chakula chao, wakafaulu kwa majuma kadhaa, kisha wakajikuta wamerudi walikotoka bila kuweza kuitaja siku waliyorudi.

Katika Ukambani, nchi ya Wakamba huko Kenya, methali hii hukuta mazingira yaliyokwisha kuiandalia nafasi. Wakamba ni warina asali wa tangu zamani, mizinga yao ya magogo hutundikwa juu ya migunga katika nyika kavu za Yatta na Masinga, na asali ilikuwa na shughuli zake zinazojulikana: ilipelekwa katika mahari, ilitumika kutengenezea uki, ambacho ni kinywaji cha wazee katika sherehe, na iliwekwa kama dawa. Aliyechovya kwa siri hakuwa amekula kitu kibaya. Alikuwa amekula kitu chema nje ya shughuli ambayo kiliwekewa, na siku ya shughuli yenyewe ilipofika buyu likakutwa tupu. Ni muhimu kulishika jambo hili mapema, kwa kuwa wahubiri wengi wa lishe hukosea hapo wanapozungumzia chakula cha wanga kana kwamba ni sumu, ilhali methali haikuilaumu asali hata kidogo.

Wanga ni sehemu ya chakula ambayo mwili huivunjavunja kuwa glukosi, yaani sukari inayosafirishwa na damu, na glukosi hiyo huingizwa katika seli kwa msaada wa insulini, homoni inayotolewa na kongosho. Ulaji wa wanga kidogo hufafanuliwa mara nyingi kuwa ule usiozidi gramu 130 za wanga kwa siku, na wapo wanaoushusha hadi kati ya gramu 20 na 50. Uzito wa sharti hilo huonekana mara moja likipelekwa katika jiko la Machakos, huko huko Ukambani, kwa kuwa takriban robo tatu za unga wa mahindi ni wanga, na mtu aliyekula ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga amekwisha kuvuka mpaka wa siku nzima kwa mlo mmoja, kabla ya kuhesabiwa chai ya maziwa yenye sukari na mandazi ya asubuhi, au sahani ya muthokoi, ambayo ni mahindi yaliyokobolewa kwa kutwangwa na kupikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Kupunguza wanga mahali kama hapo ni kugusa chakula ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa chakula kimojawapo, bali ndicho chakula chenyewe.

Swali la kwanza la kifalsafa ambalo methali inaliibua ni hili: kosa lilitendeka lini? Mchovyo wa kwanza haukumaliza buyu, wala wa pili, wala mwingine wowote unaoweza kunyooshewa kidole, kwa sababu kila mmoja ulichukua kiasi kidogo kisichobadilisha hali. Mwanafalsafa wa Kigiriki Eubulides wa Mileto, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, anahusishwa na fumbo la lundo, ambalo linauliza ni punje ipi ya nafaka ikiondolewa hulifanya lundo lisiwe lundo tena, na hakuna jibu linaloridhisha. Mtu anayejaribiwa na nusu ya chapati yumo ndani ya fumbo hilohilo. Anajiambia kwamba nusu ya chapati haitamdhuru, na anasema kweli. Kesho atasema tena, na atakuwa mkweli vilevile. Hoja yake haiwezi kushindwa kwa kuambiwa kwamba ni ya uongo, kwa kuwa haina uongo, na ndiyo sababu makemeo ya jamaa na vitisho vya daktari humpita bila kumgusa. Hekima ya methali ni kwamba haibishani naye kuhusu mchovyo. Inahamisha kipimo cha hukumu kutoka kwenye mchovyo na kukipeleka kwenye buyu, ikimtaka mtu asiulize kama tonge hili litamdhuru, bali aulize kama anaukubali mwenendo ambao tonge hili ni sehemu yake.

Aristotle aliligusa tatizo hilihili katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako, alipochunguza hali ya mtu ajuaye lililo jema na bado akatenda kinyume chake, hali ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa udhaifu wa nia. Kwa maoni yake, ujuzi wa mtu huyo katika dakika ya kishawishi unafanana na ujuzi wa aliyelala au aliyelewa, kwa maana kwamba anao lakini hautumii. Methali inaongeza sababu ambayo Aristotle hakuikazia, nayo ni kwamba kitu kinachopotea hakionekani. Sukari kuzidi katika damu haiumi katika miaka yake ya mwanzo, na uwezo wa kongosho hupungua kwa ukimya, hata mtu huweza kuishi muda mrefu na kisukari cha aina ya pili bila kukijua. Hapo ndipo penye chanzo cha kuchoka kwa watu wengi, kwani wanatakiwa kuacha utamu wanaouonja leo kwa ajili ya hasara wasiyoiona, na hakuna moyo wa binadamu unaoweza kubeba mkataba wa namna hiyo kwa miaka mingi kwa nguvu za azma peke yake.

Ipo methali ya pili, jirani ya hii, isemayo kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, na wapo wanaoitumia kujihukumu kwamba, kwa kuwa wamekwisha kuvunja mwiko mara moja, hakuna haja ya kuendelea. Hiyo ni tafsiri mbaya, na ushahidi wa kitaalamu uko kinyume nayo. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walichapisha utafiti uliowafuata watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga zoea moja la kila siku la kula, kunywa au mazoezi, wakaona kwamba muda wa zoea kukaribia kukomaa ulikuwa kati ya siku 18 na siku 254, na mtu wa katikati alihitaji siku 66. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi kikubwa ukuaji wa zoea. Kwa hiyo aliyekula muthokoi katika arusi ya jamaa yake huko Mwala hajamaliza buyu, na kwa kweli ametumia asali katika shughuli yake halali. Methali inaanza kumhusu asubuhi inayofuata, anapoamua kama arusi imekwisha.

Machakos yenyewe ina historia inayoonyesha, kwa kiwango cha jamii nzima, jinsi upungufu wa kidogo kidogo unavyoweza kuzuiwa na jinsi usivyoweza. Katika miaka ya 1930 mvua ilikuwa ikichukua udongo wa vilima vya Ukambani msimu baada ya msimu, na mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika ripoti iliyoieleza nchi hiyo kuwa inaangamia. Serikali ilijibu kwa amri. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu ili kupunguza mifugo, na watu kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kupinga jambo hilo. Muindi Mbingu akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini upunguzaji wa lazima nao ukaachwa. Kazi za lazima za kuchimba matuta ziliendelea katika miaka iliyofuata, na matuta mengi ya namna hiyo yalitelekezwa mara shinikizo lilipolegea, hasa karibu na Uhuru wa mwaka 1963.

Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Wakulima walianza wenyewe kuchimba matuta ya fanya juu, yaani mtaro unaofuata usawa wa kilima na ambao udongo wake hutupwa upande wa juu hadi, baada ya misimu kadhaa, shamba linakuwa ngazi zilizo karibu kuwa tambarare, na jina hilo la Kiswahili likaingia katika vitabu vya kilimo vya dunia. Walichimba kwa mwethya, ambao ni utaratibu wa Wakamba wa majirani kukusanyika na kufanya kazi katika shamba la mmoja wao kwa zamu, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoichunguza wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha pia Makueni ya leo, walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili haikuwa ukali wa onyo, kwa sababu onyo lilikuwa kali zaidi katika kipindi cha kwanza. Ilikuwa katika mambo mawili ambayo mtu anayepunguza wanga anapaswa kuyatafakari kwa makini. La kwanza ni kwamba mkulima wa fanya juu aliyaona manufaa kwa macho yake katika msimu uleule, maji yalipobaki shambani na mahindi yakasimama wakati ya jirani asiye na matuta yalikauka. La pili ni kwamba hakuchimba peke yake.

Kwa upande wa kuona, mtu aliyeamua kula wanga kidogo anahitaji njia ya kujua kiasi kilichomo ndani ya buyu. Hospitali ina kipimo kiitwacho HbA1c, kinachopima kiasi cha sukari iliyonata kwenye himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, kipimo hicho husimulia mwenendo wa miezi miwili au mitatu iliyopita na hakidanganywi na siku moja ya kujinyima. Utepe wa fundi cherehani unaopima kiuno kila mwezi husaidia pia, na bei yake ni ndogo. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari hapaswi kupunguza wanga kabla daktari hajarekebisha dawa zake, kwa kuwa sukari inaweza kushuka hadi kiwango cha hatari. Kupima huku kuna faida nyingine, ambayo ni kumwonyesha mtu kama njia hii inamfaa yeye. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12, baadhi wakipunguza wanga na wengine mafuta, na wastani wa uzito uliopungua haukutofautiana kwa maana yoyote, ingawa ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Asiyepima, basi, hana haki ya kuisifu njia yake wala kuilaumu.

Upande wa pili, ule wa mwethya, ndio mgumu zaidi, kwa kuwa buyu la kaya huchovywa na mikono mingi. Mgeni anayekataa ugali katika nyumba ya Kathiani anaweza kuonekana amemkataa mwenyeji, na mama anayepikia watu wanane hawezi kutakiwa kupika sufuria ya pili kwa ajili ya mmoja. Anayemtaka afanye hivyo amempa mzigo ambao hakuuomba, na mzigo huo utatuliwa mapema. Gharama nayo ina sauti yake. Mayai, nyama ya mbuzi na kuku wa kienyeji hushibisha bila wanga, lakini unga hushibisha kwa shilingi chache, na mpango wa chakula uliotungwa kwa mfuko wa Ulaya hautadumu katika mfuko wa mkulima wa Masinga. Kinachoweza kudumu ni mabadiliko ambayo kaya nzima inaweza kuyala: ugali upungue katika sahani ya kila mtu, majani ya kunde, sukuma wiki na managu yajaze nafasi iliyoachwa, ovakado iliwe inapokuwa rahisi katika msimu wake, sukari iondolewe katika chai ya wote, na ndengu na mbaazi, ambazo zina wanga lakini pia zina protini na nyuzinyuzi zinazochelewesha kupanda kwa sukari, zizidi mahindi katika chungu cha isyo, yaani mahindi na kunde zilizopikwa pamoja. Huo si ulaji wa gramu 20 kwa siku, na wanaoshikilia kiwango hicho watauona kuwa mlegevu. Lakini katika nyumba ambayo uamuzi umefanyika sokoni siku ya gulio, wakati wa kuchagua kati ya kilo za unga na mafungu ya mboga, anayepunguza wanga halazimiki kushindana na nafsi yake kila jioni mbele ya sinia.