Deni la Jeraha na Mwenye Kulilipa

Dola inapomtwaa kijana aliyekamilika viungo na kumrudisha kwao hana mguu, watu wote, hata wale wasiopenda vita na wasiokuwa na imani na serikali, hukubali kwamba hapo pamezaliwa deni. Bali ukiwauliza deni hilo ni la nini hasa, na hupimwa kwa kipimo gani, na ni nani mwenye dhima ya kulilipa, hutawanyika kila mmoja na njia yake. Wako wasemao kwamba pensheni ya askari aliyejeruhiwa ni bei ya kiungo. Wako wasemao kwamba ni ujira uliocheleweshwa, yaani sehemu ya mshahara ambayo mwajiri wake alimwekea mpaka siku atakapokuwa hawezi tena. Na wako, nao aghalabu ndio washikao funguo za hazina, waiitao ihsani, kwa kuwa mtoa ihsani anaweza kuufumba mkono wake siku apendayo na asiulizwe na mtu. Mimi naona kwamba swali la mwisho, la nani alipaye, ndilo lililostahili kutangulizwa, ijapokuwa sheria hulipita mbio kama kwamba jawabu lake linajulikana na kila mtu; na anayetaka kuona mambo yanavyokuwa swali hilo linapoachwa bila kuulizwa, na asafiri mpaka nchi ya chai ya Kenya, Kericho na Bomet, akatazame nani ana shamba na nani anachuma.

Lakini kwanza tuseme juu ya kipimo. Mafakihi wa kale wa Kiislamu waliyashughulikia majeraha ya mwili kwa makini makubwa: diya ya nafsi waliiweka ngamia 100, ya mkono mmoja nusu ya hiyo, ya jicho kadhalika, na ya kila kidole ngamia 10, kiwe gumba au kiwe cha mwisho, kwani walishikilia kwamba vidole vyote ni sawa. Msomaji wa leo atasema kwamba hilo ni kosa dhahiri, maana hakuna mshona nguo wala mchuma chai asiyejua kwamba gumba si sawa na kidole cha mwisho. Ila yamkini wanavyuoni wale walijua hivyo vilevile, na walichokuwa wakikipima hakikuwa kazi ya kidole, bali hadhi ya mwenye kidole, ambayo haipungui wala haizidi kwa sababu ya mahali kilipoota. Uingereza, ilipounda Wizara yake ya Pensheni mwaka 1916 huku majeruhi wakirudi kwa maelfu, ilishika njia nyingine. Iliandika jedwali la asilimia, aliyepoteza viungo viwili akahesabiwa 100, na askari wa kawaida aliyekatwa mkono wa kulia tangu begani akapewa shilingi 16 kwa wiki, ilhali wa kushoto ulipungua kwa shilingi moja. Kipimo hicho ni cha manufaa. Sikidharau, kwa maana mtu aliyepoteza mkono anahitaji kula, na shilingi iliyo mkononi humlisha kuliko hadhi isiyokuwa na senti. Lakini tukumbuke kwamba mara tu mwili ulipoanza kupimwa kwa manufaa, haikuwa mbali kuuliza mwili wa nani una manufaa zaidi.

Jambo lililo kubwa zaidi katika diya si idadi ya ngamia, ni zizi wanalotoka. Mkosaji hulipa katika mali yake. Na kama aliua bila kukusudia, jamaa zake wa kiume huchangishana wakalipa pamoja, ili kila mmoja wao auhisi uzito wa damu iliyomwagika. Wazee wa Kipsigis, ambao hawakusoma kwa mafakihi hao, walikuwa na desturi iliyo karibu nayo, kwamba damu ya mtu huhukumiwa kwa ng'ombe wa ukoo wa aliyemwua. Katika njia zote mbili, kuna asubuhi ambayo mlipaji anatoka nje akaliona zizi lake limepungua. Pasipokuwa na kupungukiwa huko, mimi sioni kwamba pamekuwa na malipo. Pamekuwa na mali iliyohama tu.

Sasa na tuje Kericho. Vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, serikali ya himaya ilikata shauri kuwalipa askari wa Kizungu kwa ardhi, na katika mwaka 1919 bahati nasibu ya mashamba ilichezwa Nairobi, katika jumba la michezo la Theatre Royal, majina yakichomolewa na watu wakishangilia. Pamoja na mpango huo ulikuwapo mwingine, mdogo na wa huruma zaidi kwa kutazama, uliowahusu maofisa waliopata vilema vitani: waliungana wakafanya koloni yao, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza kuwa BEADOC, nayo ikapewa ekari 25,000 katika nchi ya Kipsigis iliyo kando ya Kericho, nchi ya malisho, maji tele na mvua isiyokatika, ili walime kitani. Kitani kilikuwa na bei ya ajabu siku zile, kwa kuwa vita vilikuwa vimezifunga Urusi na Ubelgiji zilizokuwa zikikiuza kwa wingi. Haukupita muda, bei ikaporomoka. Na kana kwamba hilo halikutosha, mwaka 1920 rupia ikapandishwa kutoka shilingi moja na peni nne za Kiingereza hadi shilingi mbili, hata aliyekuwa amekopa benki akaamka deni lake limeongezeka kwa nusu bila ya yeye kukopa tena. Koloni ya maofisa ikafilisika. Mashamba yakapita mikononi mwa makampuni, na katikati ya miaka ile ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia Kericho na miche ya chai.

Insafu yataka tukubali kwamba maofisa wale walikuwa wanadai kweli. Mtu aliyepofuka, au aliyekatwa mguu, ana haki juu ya waliompeleka vitani, na rangi ya ngozi yake haiipunguzi haki hiyo. Tena yasikitisha kufikiri kwamba dola ilimchukua mtu aliyekatika kiungo ikampa, badala ya raha, msitu wa kufyeka na zao la kung'oa kwa mkono, nayo ikijua wazi kwamba mikono itakayoling'oa haitakuwa yake. Kisa hiki nakitoa kwa sababu ya ule upande mwingine wa daftari. Nani alipungukiwa? Si hazina ya London, ambayo haikupoteza hata shilingi moja kwa ekari zile. Si gavana. Aliyepungukiwa ni Mkipsigis aliyekuwa akilisha ng'ombe wake pale, ambaye hakumjeruhi ofisa yule, hakumtuma vitani, na hakupata hata kusikia jina la mtaro alimovunjikia. Naye akawa mdhamini wa deni asilolikopa, kisha akaruhusiwa kukaa katika ardhi ya babu yake kwa sharti la kuifanyia kazi.

Na tulitazame jambo hili kwa karibu zaidi, kwa sababu katika vita hivyohivyo walikuwako Waafrika waliokatika na kufa, wale wapagazi ambao jina la jeshi lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, ni zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Hao hawakuchezewa bahati nasibu. Tena ulibaki ujira halali wa wale waliokufa kabla ya kuupokea. Na Oscar Watkins, Mwingereza aliyewaongoza wapagazi na kuwajua, aliposhikilia kwamba fedha hizo zitumiwe kwa faida ya watu waliozitolea jasho, wenye hazina kule London walikataa. Basi hapa nadharia zote tatu nilizozitaja hapo mwanzo zinaanguka pamoja, kwa kuwa mpagazi hakupewa bei ya kiungo, na ujira wake ulizuiliwa, na hata ihsani haikumfikia.

Atatokea mtu aseme: je, si kila serikali hulipa kwa mali ya wengine, maana hazina ni kodi za watu? Hoja hiyo ni nzito wala haifai kutupwa. Nami namjibu kwamba pako tofauti baina ya kuchangia na kunyang'anywa, na tofauti hiyo haimo katika kiasi cha fedha. Mwenye kuchangia deni la majeruhi yumo ndani ya mkataba: akijeruhiwa yeye, au mwanawe, mfuko huohuo utamtazama. Mkipsigis wa mwaka 1919 alitakiwa alipe katika mfuko ambao yeye mwenyewe hangepata kitu. Hata katika vita vikuu vya pili, vijana wa nchi hizi walipoivaa sare ya jeshi la KAR wakapigana Uhabeshi na Burma, bado walihesabiwa kwa kipimo kingine. Nyaraka zilizofichuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo ya kuagana na jeshi yalipangwa kwa rangi, mweusi akipata kama theluthi ya mweupe mwenye cheo kilekile.

Leo hazina ni yetu, na majeruhi ni wetu. Tangu jeshi la Kenya lilipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na hasa baada ya shambulio la El Adde huko huko mwezi Januari 2016, hakuna pembe ya nchi hii isiyokuwa na nyumba yenye kujua maana ya maneno haya. Na mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya kuwatazama wanajeshi wastaafu. Mkataba sasa umekamilika, mchangiaji na mfaidi ni watu wa namna moja. Walakini ile tabia ya kuliita deni ihsani haikuondoka na Mwingereza. Nilipata kuketi na mzee mmoja nje ya duka la chai Litein, askari wa zamani mwenye mguu wa bandia, aliyekuwa na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara tatu: cheti cha kuachishwa jeshi, ripoti ya daktari yenye asilimia iliyozungushiwa wino mwekundu, nakala za kitambulisho, barua ya chifu ya kushuhudia kwamba yeye bado yu hai. Alikuwa ameitwa kupimwa upya. "Mguu wenyewe haujaota tangu walipoupima mara ya kwanza, kijana wangu," akaniambia, akacheka, akaagiza chai nyingine. Katika madeni yote niyajuayo, hili ndilo pekee ambalo mdai hulazimishwa athibitishe kila mara kwamba hajafa, naye mdaiwa hukaa nyuma ya dirisha akimwambia arudi kesho.

Ama lile deni la zamani bado linatembea. Tume ya Taifa ya Ardhi ilitambua mwaka 2019 kwamba Wakipsigis na ukoo wa Watalai walidhulumiwa; wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia Uingereza, wakasema hadharani mwaka 2021; na mwaka 2022 madai yakafikishwa mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katiba ya 2010 imezikata hati za miaka 999 za wasio raia zikawa za 99, na katika mwaka 2023 mashamba ya Finlay yalinunuliwa na Browns, kampuni ya Sri Lanka, ambayo bila shaka itasema kwamba imenunua kwa fedha halali na haina habari ya kitani. Mafakihi wana hukumu yao juu ya mali iliyoghusubiwa: hufuatwa katika kila mkono ulioishika, hata ule ulioipokea kwa nia njema, na kila mnunuzi ana haki ya kumrudia aliyemwuzia. Ukiishika hukumu hiyo ukaanza na mwenye shamba wa leo, atamrudia Finlay aliyemwuzia, Finlay naye atawarudia maofisa vilema, na maofisa wale, ambao hawakuwa na kosa ila kuamini walichoambiwa, watakuonyesha mlango wa hazina ya London, ambako deni la mguu wao lilipasa kulipwa kwa fedha tangu mwaka 1919.