Gharama ya Sura

Tulipokwenda kuwazuru Waislamu wa Kitale na Bungoma tuliulizwa suali ambalo twaona lastahiki kuandikwa hapa, maana sisi watu wa pwani latuhusu vilevile. Kijana mmoja wa Kitale alituambia: "Maalim, pana ubaya gani kuutazama mchezo wa Umar? Mimi nimejua humo mambo ambayo madrasa sikuyajua."

Mchezo huo ni ule uliotolewa na televisheni ya MBC katika Ramadhani ya mwaka 2012, wenye sehemu 30, ulioandikwa na Walid Saif na kuongozwa na Hatem Ali. Ulitumiwa mali nyingi mno, kwa farasi, ngamia, na majeshi ya wachezaji. Al-Azhar waliupinga kwa kuwa umewapa Masahaba sura. Wanavyuoni wengine, akiwamo Yusuf al-Qaradawi, waliuridhia.

Hatutaki kujitakasa. Sisi nasi tumeutazama, na usiku mmoja tulikaribia kupitwa na alfajiri. Mtu aliyesoma sira miaka na miaka huiona Hijra ghafula kama jambo la jana. Kijana yule hakusema uwongo.

Lakini tulimwomba atueleze Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa mtu wa namna gani. Akatueleza macho na ndevu. Na vyote alivyovieleza ni vya Samer Ismail, mwigizaji wa Kisyria. Tulipomuuliza habari za hukumu zake na Baitulmali, alisitasita. Na ajabu nyingine ni hii: mali yote ile ilimwagwa ili kumwonyesha mtu ambaye sifa yake kubwa ni nguo yenye viraka. Sijui yeye mwenyewe angaliikabili vipi hesabu ile ikiletwa mbele yake!

Tena mchezo wa namna hii hauwezi kufanywa ila na mwenye hazina, na mwenye hazina huchagua habari ya kumpendeza. Ndivyo Waturuki walivyofanya kwa Ertuğrul tangu 2014 hata 2019. Mtazamaji humaliza akijiona kuwa daima yu miongoni mwa washindi wenye haki.

Siku ya pili kijana alifuatana nasi mpaka Bungoma, tukapanda Chetambe, karibu na Webuye. Hapo, mwaka 1895, Wabukusu walijikinga nyuma ya handaki lao walipojiwa na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley. Bunduki ya Maxim ikawamaliza watu wengi. Hatujaona mwenye hazina aliyeleta farasi na wachezaji mahali hapo. Pana handaki, majani, na mzee mmoja aliyetusimulia aliyoyapokea kwa wazee wake, taratibu, akirudi nyuma kila alipokosea jina.

Kijana akamuuliza wale askari wa Waingereza walikuwa nani. Mzee akajibu: "Wawanga walikuwamo, na Waganda. Lakini walio mbele walikuwa Wanubi. Wengi wao, mwanangu, walikuwa wakiswali kama ninyi."

Kijana hakutamka neno mpaka tuliposhuka chini. Kisha akatuuliza ni nani atakayekubali kuulipia mchezo kama huo, na sisi hatukuwa na jina la kumtajia.