Ajira ya Kisimani

Nanyamba iko juu, na maji yako chini. Jambo hilo ni la kale kuliko bomba, kuliko wizara, na kuliko mji wenyewe, uliopata halmashauri yake mwaka 2015 baada ya kumegwa kutoka Mtwara Vijijini. Udongo wa Uwanda wa Makonde ni wa kichanga; mvua hunywewa ikingali inanyesha, na chemchemi hutokeza mbali, chini ya miteremko. Waliokwenda kuyachukua maji huko, kizazi baada ya kizazi, ni wanawake, kwa mitungi hapo kale na kwa ndoo na madumu baadaye.

Mtu wa visiwani, aliyezoea kuona mji umekaa juu ya kisima chake, huuliza kwa nini watu wakubali kujenga mbali hivyo na maji. Jibu limo katika masimulizi ya Wamakonde wenyewe, ambayo Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, ni miongoni mwa waliyoyaandika. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikawa mwanamke, naye akamwoa. Mara mbili walipokaa karibu na maji mtoto alizaliwa maiti. Walipopanda juu, penye vichaka vizito, mtoto akaishi. Ikawa ndio wasia kwa watoto wao: wasijenge bondeni. Mwenye kuyajua mabonde ya Ruvuma na mbu wake hatauona wasia huo kuwa upuuzi. Watu walipima uhai na kiu, wakachagua uhai, na kiu wakaigawa. Ila hawakuigawa sawasawa.

Serikali zilizofuata zilijaribu kuipunguza kiu hiyo, kila moja kwa mashine yake. Katika miaka ya 1950 wakoloni walianzisha shirika la maji la Makonde, likapandisha maji kwa pampu na kuyauza. Mwaka 1971 Tanzania huru ilijiwekea ahadi kwamba kufikia 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Wafini wakaja Mtwara na Lindi na visima na pampu za mkono, na zipo pampu zilizonyamaza baada ya wao kuondoka, kwa kukosa kifaa kidogo ambacho hakikupatikana dukani. Chanzo cha Mitema, upande wa Newala, kimebaki kuwa tegemeo la Newala, Tandahimba na Nanyamba. Juni 2022 Makonde iliingia katika mikataba ya mradi wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Mashine, basi, hazikukosekana kabisa. Kila zilipofika, haukupita muda mrefu kabla swali halijahama kutoka kwenye pampu na kumwelekea mtu: nani awekwe juu ya maji haya, na atajulikanaje kuwa ndiye?

Swali hilo husikika kama la ofisi ya utumishi, na huko ndiko linakopelekwa. Tangazo la kazi ya mkurugenzi wa mamlaka ya maji hufanana na matangazo mengine ya vyeo. Hutaka shahada, miaka kadhaa katika uongozi, ujuzi wa fedha na mipango, na majina ya wadhamini watatu, ambao bila shaka mwombaji hatowachagua miongoni mwa maadui zake. Kisha huja neno “mwadilifu”, limewekwa mwishoni kama chumvi iliyosahauliwa wakati wa kupika. Shahada itathibitishwa kwa nakala. Uadilifu utathibitishwa na nini? Na mwombaji mwenyewe, katika barua ya kujisifu iliyosainiwa kwa mkono wake!

Wazee wa pwani walikuwa na mashaka makubwa na mtu anayeomba cheo. Mashaka hayo yalitoka katika hadithi mashuhuri ambamo Mtume alimkataza swahaba wake Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, akamweleza kwamba aliyeupata kwa kuuomba huachiwa auhangaikie mwenyewe, na aliyepewa bila kuomba husaidiwa. Kwa kipimo hicho kila bahasha inayofika kwenye mezi ya mwajiri imekwisha kujihukumu. Lakini Kurani ina kisa cha Nabii Yusuf, aliyesimama mbele ya mfalme wa Misri akaomba wazi akabidhiwe ghala za nchi, akitaja sifa zake mbili, kwamba ni mtunzaji na kwamba ni mjuzi. Wanavyuoni wamelijadili sana jambo hili, na wengi wamesema kuwa njaa ilikuwa inakuja na hapakuwa na mwingine wa kuiweza. Katika hali kama hiyo kunyamaza kungekuwa ndiko kosa.

Sababu hiyo ni nzuri, lakini kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo husomwa kwa haraka. Yusuf alipoitwa kutoka gerezani hakukimbilia mlangoni. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza wale wanawake waulizwe, ili ijulikane ukweli wa shauri lililomfunga. Wakaulizwa, wakasema. Ombi la kazi lilikuja baada ya hapo. Mtu huyu hakujishuhudia peke yake, kwa kuwa walikwisha kushuhudia watu ambao hawakuwa na faida yoyote katika kumsafisha, na mmoja wao alijiumbua mwenyewe kwa ushahidi wake. Ni wadhamini wa namna gani hao! Hakuna tangazo la kazi linalothubutu kuwataka.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi na Nanyamba, kwa sababu kimetokea penye maji. Nabii Musa alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Kisimani alikuta wachungaji wanaume wananywesha wanyama wao, na pembeni wasichana wawili wakiyazuia makundi yao yasisogee. Alipowauliza, walisema hawanyweshi mpaka wale waondoke, na baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea, kisha akarudi kivulini, hakudai chochote. Baadaye msichana mmoja akamshauri babaye amwajiri mtu yule, kwa hoja kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu.

Mfasiri hana budi kusimama kidogo hapa. Neno alilolitumia binti yule limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa ajira, ujira na mwajiri, na neno la mwaminifu ni la mzizi wa amana na imani. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya usaili wa kazi ambayo Mswahili angeweza kuitambua kwa sikio ilisemwa na msichana mchunga kondoo, juu ya mtu aliyemwona kisimani. Nguvu aliiona kwenye ndoo. Uaminifu aliuona katika jambo ambalo mwombaji hakujua kuwa anatahiniwa. Musa hakuwa ameleta barua.

Pasidhaniwe kwamba nguvu ni kitu kidogo na kwamba moyo mweupe unatosha. Maji ya Mitema hayapandi uwandani kwa dua. Hupanda kwa umeme, na umeme hulipiwa. Mkurugenzi asiyejua kusoma hesabu atawaacha watu na kiu akiwa amejaa huruma. EWURA, yenye kusimamia huduma hizi tangu miaka ya 2000, huzipima mamlaka za maji kila mwaka, na kipimo kimojawapo ni maji yanayopotea njiani au kuchukuliwa bila malipo, ambayo inatakiwa yasizidi asilimia 20. Mwaminifu anayeshindwa kuziba mabomba, akaacha maji yamwagike mchangani, ameipoteza amana sawa na aliyeiuza, ijapokuwa mbele ya Mungu hesabu zao zitatofautiana.

Uganda ilionyesha nguvu inaweza kufanya nini. Mwaka 1998 shirika la taifa la maji la nchi hiyo lilimpata mkurugenzi, William Muhairwe, ambaye hakuwa mhandisi wa maji, bali mtu wa uchumi na uendeshaji. Wakati huo zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa hayakuwa yakilipiwa. Alianza na mpango wa siku 100, akawapa mameneja wa miji mikataba ya kujibia kazi zao, na alipoondoka mwaka 2011 sehemu iliyokuwa ikipotea ilikuwa imeshuka hadi kukaribia theluthi moja. Lenye kufikirisha ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumishi walewale waliokuwapo kabla yake.

Dar es Salaam ilijaribu njia nyingine. Agosti 2003 kazi ya maji ilikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye Waingereza na Wajerumani ndani yake, kwa sharti lililofungamana na misaada na kusamehewa madeni. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba, na viongozi wa kampuni wakaondoshwa nchini. Mwaka 2008 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliona kuwa Tanzania ilikiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda uwekezaji, lakini haikuwapa fidia hata senti. Wanasheria wameandika mengi juu ya hukumu hiyo. Kwa mtu wa Tandika aliyekuwa akinunua dumu kwa muuza mkokoteni, suala lilikuwa jepesi zaidi: waliokuja kuongoza maji yake walichaguliwa katika chumba ambacho yeye wala jirani yake hakuwahi kukisikia.

Chumba hicho ndicho penye tatizo. Uwandani, wenye uwezo hujenga visima vya saruji vya kuvunia mvua, aghalabu kwa fedha za korosho, na hapana lawama katika hilo, ni busara. Lakini miezi mikali ya ukame, kabla mvua za Desemba hazijatulia, ndiyo miezi ya kuokota korosho, na ndipo mwenye kisima cha saruji anapouza na asiyekuwa nacho anaponunua. Bomba likikauka, mmoja hupata hasara na mwingine hupata wateja. Na wanaoketi kumsaili mkurugenzi, popote pale, huwa ni watu wenye matangi nyumbani. Hili halisemwi kuwatuhumu wizi. Linasemwa kwa sababu macho yao hayajawahi kuwa mahali pale walipokuwa macho ya mabinti wa Madyan, nyuma ya wachungaji, wakingoja. Kutoka mbele ya foleni kila mkurugenzi huonekana mwema.

Itajibiwa kwamba kuwashirikisha watu wa foleni ni kufungua mlango wa ukabila na fitina. Kwamba watamtaka mtoto wa nyumbani hata kama hajui pampu. Kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mkurugenzi apendwaye na umma ataogopa kudai ankara. Hatari hizo zipo. Ila hazikuzaliwa na foleni, kwani zimo pia katika chumba cha usaili, zimevaa suti. Wala haidaiwi kwamba wanawake wa Nanyamba wapige kura kuchagua mhandisi. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, na pengine ndiyo maana ni kigumu: kwamba kabla ya mtu kukabidhiwa maji ya mji mmoja, waulizwe waliokuwa mwisho wa bomba katika mji aliotoka. Waulizwe kama mgao ulipotangazwa kuwa wa Jumanne maji yalitoka Jumanne. Waulizwe kilula kilipoharibika alikuja nani, na baada ya siku ngapi, na kama mtaa wa wakubwa ulikosa maji siku zilezile au haukukosa. Ushahidi wa namna hiyo haumo katika nakala za vyeti, na haugharimu zaidi ya nauli ya basi.

Visiwani, msomaji anaweza kukumbuka kwamba Unguja ilipata maji ya bomba kutoka Chemchem kwa amri ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Ilikuwa kazi kubwa, na watu walimshukuru kwa haki. Hakuajiriwa na mtu, hakusailiwa, na siku maji yasingetoka hapakuwa na wa kumuuliza. Hiyo ilikuwa hisani, na hisani humwachia mpokeaji neno moja tu la kusema, nalo ni ahsante. Amana ni kitu kingine, kwa sababu mwenye nacho ni yule asiyekishika mkononi. Bado yako mahali pengi ambapo mkurugenzi wa maji hufungua bomba kwa utepe na ngoma, na akina mama huombwa washukuru, kana kwamba wamepewa zawadi kutoka mfukoni mwake. Wengine wao wanalipia ankara.

Na katika miaka ya karibuni wananchi wamezoea pia upande wa pili wa sherehe hiyo, waziri anapofika, anaposikia malalamiko hadharani, na mkurugenzi anapoondolewa palepale huku umati ukishangilia. Angalau hapo mtu wa foleni amesikilizwa. Lakini amesikilizwa siku ya kufukuzwa, wakati sauti yake ingefaa zaidi siku ya kuajiri. Na anayeletwa baada ya hapo hutoka katika chumba kilekile. Pengine aliyefukuzwa alikuwa mzembe. Pengine alikuwa mtu mwema aliyepewa pampu mbovu na deni la umeme la mtangulizi wake. Umati hauna njia ya kujua, kwa kuwa haukuwahi kuulizwa mapema, ulipokuwa bado una nafasi ya kutazama polepole jinsi anavyoteka maji na anamtekea nani.