Tumfungiapo jirani mlango, nani hulala njaa?

MWEZI Aprili mwaka 2025 Tanzania ilitangaza kuzuia mazao ya kilimo yanayotoka Afrika Kusini na Malawi, kwa hoja kwamba nchi hizo nazo zilikuwa zimezuia mazao yetu. Siku chache baadaye, baada ya mazungumzo, zuio hilo likaondolewa. Katika baraza letu, baada ya swala ya Isha, vijana walishangilia zuio lile. Mmoja akasema, “Wamezowea kutuona wapole. Bandari ni yetu, tuwafungie waone.” Sikumjibu. Si kwamba sikuwa na jibu, bali niliyaona kwake maneno yangu mwenyewe ya mwaka 1996.

Wale wasiokumbuka, nitawakumbusha kwa ufupi. Julai 25, 1996 jeshi la Burundi lilimwondoa madarakani Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumweka Meja Pierre Buyoya. Nchi ile ilikuwa inavuja damu tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa na wananchi miezi michache tu kabla. Mkoa wa Kigoma na wilaya ya Ngara vilikuwa vimefurika wakimbizi. Mwalimu Nyerere alikuwa tayari ni msuluhishi wa mgogoro huo. Siku sita baada ya mapinduzi, Julai 31, viongozi wa nchi za eneo hili walikutana Arusha na kuamua kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Masharti yalikuwa matatu: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na pande zote zikae kwenye mazungumzo bila masharti.

Burundi haina bahari. Kahawa yake na chai yake hutoka kupitia kwa majirani, na mafuta yake, mbolea yake na mabati yake huingia kwa njia hizo hizo. Mojawapo ya njia kubwa ni ile ya kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa reli ya kati mpaka Kigoma, kisha kwa meli na maboti mpaka Bujumbura. Njia hiyo ikafungwa.

Mimi nilifurahi. Nakiri hivyo bila kuficha. Nilisema barazani kwamba kwa mara ya kwanza Waafrika wamekataa mapinduzi wenyewe, bila kusubiri mzungu awaambie. Nilisema dola dhalimu haina haki ya kula chakula kinachopitia kwetu. Maneno matamu, na nilikuwa nayasema nikiwa Dar es Salaam.

Magunia ya Ujiji

Ramadhani ya mwaka ule uliofuata, ambayo iliingia mwezi Januari 1997, nilisafiri kwa treni kwenda Kigoma kumtazama mjomba wangu aliyekuwa mgonjwa. Mjomba alikuwa mfanyabiashara mdogo pale Ujiji. Biashara yake kubwa ilikuwa ni chumvi ya Uvinza, na wateja wake wengi walikuwa ng'ambo ya ziwa.

Nilipoingia uani kwake nilikuta stoo imejaa. Magunia themanini ya chumvi yamepangwa mpaka juu, yamefunikwa turubai. Nikamuuliza kwa nini hauzi. Akaniambia, “Si yangu haya, mpwa wangu. Yana mwenyewe, yuko Buyenzi.”

Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura ambao msomaji wa Dar es Salaam au Tanga angeingia leo akajiona yuko nyumbani. Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani, na misikiti haiko mbali na mlango wa mtu. Mwenye chumvi alikuwa ni mchuuzi wa mtaa huo. Alikuwa amelipa fedha zote mwezi Julai, akarudi kwao kutafuta boti ya kuja kuchukua mzigo wake. Kabla boti haijapatikana, vikwazo vikatangazwa.

Mjomba alikuwa na mtihani, na kwa kuwa alinihesabu kuwa mtu aliyesoma, akanitaka ushauri. Palikuwa na mwenye boti mmoja aliyekuwa tayari kuvusha mzigo usiku, kwa ujira mara tatu ya kawaida. Na palikuwa na mnunuzi wa Kasulu aliyeitaka chumvi yote kwa bei nzuri. Nikamshauri auze, aziweke fedha, siku mpaka ukifunguliwa amrudishie mwenyewe. Niliona ni ushauri wa busara, usiovunja sheria wala kumdhulumu mtu.

Mjomba alitikisa kichwa. Akasema, “Mtu huyu hakuniwekea fedha, aliniwekea chumvi. Nikiiuza bila idhini yake nimekula amana. Na nikiivusha usiku nimevunja amri ya serikali yangu. Mimi sitafanya hili wala lile. Itakaa hapo hapo.”

Ikakaa. Mwezi Aprili 1997 viongozi walikutana tena Arusha na kulegeza vikwazo: vyakula, dawa, pembejeo za kilimo, vifaa vya shule na vya ujenzi vikaruhusiwa. Kabla ya hapo ruhusa zilikuwa zikitoka kidogo kidogo, hasa kwa ajili ya mashirika ya misaada. Baada ya wiki kadhaa yule bwana wa Buyenzi akafika. Mjomba alinisimulia baadaye kwamba alikuta gunia zake zote themanini, akazihesabu akilia. Chumvi haikuoza. Kilichooza ni mtaji wake. Alikuwa amekopa ili anunue, na kwa miezi tisa hakuwa na cha kuuza; duka alikwisha kulifunga.

Kabla hajapanda boti alimwambia mjomba maneno ambayo sijaweza kuyasahau: “Mzee, Mungu akulipe. Lakini waambie wakubwa wenu kwamba Buyoya hakukosa chumvi hata siku moja.”

Hoja ya upande wa pili

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wale waliokaa Arusha walikuwa watu wabaya, au kwamba walikuwa na choyo. Ni rahisi leo, tukiwa tumekaa kivulini, kuwahukumu. Watu walikuwa wanauawa vijijini. Njia nyingine iliyokuwa ikizungumzwa ilikuwa kupeleka majeshi, na nani anajua damu kiasi gani ingemwagika? Kunyamaza nako kungekuwa ni kuyabariki mapinduzi. Na hatuwezi kukana kwamba mwezi Septemba 1996 Buyoya aliruhusu tena Bunge na vyama, na kwamba Juni 1998 pande nyingi zilikaa meza moja Arusha. Vikwazo vikasimamishwa Januari 1999. Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999 kazi haijaisha, Mzee Mandela akaipokea, na Agosti 28, 2000 mkataba ukatiwa saini.

Kwa hiyo anayesema vikwazo havikusaidia chochote, hasemi kweli. Swali langu mimi si kama vilisaidia. Swali ni hili: je, ni halali kumuumiza asiye na kosa ili mwenye kosa asikie maumivu? Na kama mwenye kosa hayasikii, tumebaki na nini mkononi isipokuwa maumivu ya asiye na kosa?

Kila aliyefuatilia miaka ile anajua yaliyotokea. Mafuta ya gari yalipanda bei, lakini magari ya jeshi hayakusimama. Mkulima alikosa mbolea. Mizigo ilipitia njia za panya, na njia za panya zina wenyewe: wenye mtaji, na wenye jamaa katika utawala. Waliokuwa wakubwa wakazidi kuwa wakubwa kwa magendo. Mchuuzi mwaminifu, yule asiyetaka kuvuka usiku, ndiye aliyefilisika. Yaani adhabu yetu ilimpita dhalimu ikampata mwadilifu.

Jambo hili si geni kwetu

Historia yetu Waislamu inavijua vikwazo kwa pande zote mbili. Makuraishi waliwawekea Bani Hashim vikwazo, wasiuziane nao wala kuoana nao, na hati ikatundikwa ndani ya Al-Kaaba. Karibu miaka mitatu watu walishinda njaa katika bonde la Abu Talib, Waislamu na wasiokuwa Waislamu pamoja, kwa sababu tu ya ukoo. Tunaposimuliwa kisa hicho machozi hutulenga. Na tunawakumbuka kwa wema akina Hakim bin Hizam na Hisham bin Amr, ambao wakati ule hawakuwa Waislamu, lakini walipenyeza ngano usiku.

Lakini kuna kisa cha pili ambacho hatukisimulii sana. Thumama bin Uthal, mkuu wa Yamama, aliposilimu aliwaambia Makuraishi kwamba hawatapata hata punje ya nafaka kutoka kwao mpaka Mtume (SAW) aruhusu. Makka ilitegemea nafaka ile. Njaa ilipowabana waliandika kwa Mtume wakimwomba kwa haki ya udugu. Hawa ndio waliomtoa mjini kwao, wakampiga vita. Nani angemlaumu kama angesema waonje waliyotuonjesha? Akamwandikia Thumama awaachie chakula chao kipite.

Sikileti kisa hiki ili kumaliza mjadala. Mtume huyo huyo aliingia vitani na watu hao hao, na aliingia nao mikataba. Wala haikuwa kwamba hakuujua udhalimu wao. Ninachokiona mimi ni kwamba aliutenga uadui wake na wakubwa wa Makka mbali na sahani ya mtoto wa Makka. Dola zetu mara nyingi haziwezi kutenga hivyo, au hazitaki, kwa kuwa kufunga mpaka ni rahisi: unatoa amri moja, unaonekana shujaa, na gharama inalipwa na mtu mwingine.

Nani alipe?

Hapo kwenye gharama ndipo penye fundo. Mwaka 1996 tulisema “Tanzania” imeifungia “Burundi”. Maneno haya mawili ni makubwa mno, yanaficha watu. Tanzania iliyofunga ilikuwa ofisi za Dar es Salaam na mkutano wa Arusha. Tanzania iliyolipa ilikuwa ya kuli wa bandari ya Kigoma na ya mjomba wangu. Burundi iliyotajwa ilikuwa ya Buyoya. Burundi iliyobanwa ilikuwa ya Buyenzi. Waliogombana na walioumia hawakuwa watu wale wale.

Niliyaona hayo tena, kwa mbali, Julai 2023. Jeshi la Niger lilipompindua Rais Mohamed Bazoum, jumuiya ya ECOWAS ilifunga mipaka na kuzuia biashara, na Nigeria ikakata umeme. Vikwazo hivyo viliondolewa Februari 2024, bila Bazoum kurudi madarakani. Na mwezi mmoja kabla, Niger, Mali na Burkina Faso zilikuwa zimetangaza kujitoa katika jumuiya hiyo. Sisi tulipona msiba wa namna hiyo. Burundi haikutukimbia, mwaka 2007, pamoja na Rwanda, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba, pamoja na kufunga njia ya biashara, meza ya Arusha haikuondolewa. Na hapa kwetu wakimbizi wa Burundi walibaki kwa wingi. Jirani aliona kwamba tumekasirika lakini hatujamkana.

Basi nikiulizwa leo na yule kijana wa barazani kama nchi isimbane jirani yake hata anapokosea, nitamjibu kwamba dola inaweza kulazimika kubana. Lakini ina mambo ya kuyatimiza kwanza. Chakula, dawa na mbegu visiguswe tangu siku ya kwanza, si baada ya miezi tisa. Wanaobanwa wawe ni wenye maamuzi, kwa safari zao na akaunti zao za benki. Masharti yatajwe wazi, na yakitimia kifungo kifunguliwe, sio kuongezwa sharti jipya kila jirani anapokaribia. Na anayefunga akubali kubeba sehemu ya mzigo: mchuuzi wa Kigoma afidiwe, kama vile tunavyomlipa askari tunayempeleka mpakani. Nchi isiyokuwa tayari kulipia msimamo wake haina msimamo, ina ubabe tu.

Ataniambia kwamba chakula kikipita, mtawala naye atakula na kutoza ushuru. Ni kweli. Sina jawabu la kuiondoa hoja hiyo. Najua tu kwamba kikizuiwa, mtawala atakula vile vile.

Mjomba alitangulia mbele ya haki miaka mingi sasa. Sikumbuki kama aliwahi kutoa maoni yoyote kuhusu Burundi, Mwalimu au Buyoya. Alitii amri ya nchi yake bila kunung'unika, akailinda mali ya mtu wa nchi nyingine kana kwamba mwenyewe yuko mlango wa pili. Alimudu kushika yote mawili akiwa na stoo moja na turubai moja. Ndiyo maana siku hizi kila nikisikia tumefunga mpaka, au wenzetu wametufungia, huwa siulizi kwanza ni nani ameshinda. Nauliza chumvi ya nani imebaki stoo, na nani ameachwa kuilinda.