Sungura wa Wiki Tatu na Haki ya Ziwa

Sungura akifikisha wiki tatu, machoni pa mnunuzi huwa hana anachokosa. Macho yalishafunguka siku ya kumi au ya kumi na mbili, manyoya yamejaa, masikio yamesimama, na mwili wote unaenea kwenye kiganja cha mtoto wa darasa la pili. Akiwekewa jani la kabichi analitafuna. Muuzaji hana haja ya maneno mengi: "Si unamwona mwenyewe? Anakula." Pesa inatoka mfukoni, sungura anatiwa kwenye boksi lililotobolewa matundu, na siku chache baadaye tumbo linavimba, anaharisha, anakufa. Mnunuzi akirudi kulalamika anaambiwa kosa ni lake, alimlisha majani yenye umande.

Majani yanaweza kuwa na sehemu yao ya lawama, ila ni ndogo. Kutafuna si kuacha ziwa. Kitoto cha sungura huanza kudokoa chakula cha mama yake kati ya siku ya 18 na ya 21, na siku hizohizo ndizo maziwa ya mama yanapofikia wingi wake wa juu kabisa. Maziwa yenyewe ni mazito ajabu: mafuta yake ni kama asilimia 13 na protini karibu kiasi hichohicho, ilhali ya ng'ombe yana mafuta ya asilimia nne hivi. Kumnywesha kitoto maziwa ya pakiti kwa bomba la sindano hakumrudishii alichonyang'anywa.

Tena ziwa si chakula tu. Tumbo la sungura mkubwa lina asidi kali inayoua sehemu kubwa ya vijidudu vinavyoingia na majani. Tumbo la kitoto bado halina ukali huo. Kinachomlinda kwa muda ni aina fulani za asidi za mafuta zinazotokana na maziwa ya mama yanapomeng'enywa, ambazo bakteria hawazistahimili. Ziwa likikatwa ghafla wiki ya tatu, mlinzi wa kwanza ameondoka na wa pili hajaripoti kazini. Bakteria wabaya wanapita hadi kwenye utumbo mpana, mahali sungura anapochachusha majani, nao wanakuta wale wazuri hawajakita mizizi. Ongeza hapo safari ya boksini, jua, banda geni, pumba za mahindi ambazo hajapata kuzila, na vimelea vya koksidia vinavyomngoja kwenye sakafu chafu. Kitakachofuata mfugaji yeyote mwenye uzoefu anakijua, na aghalabu muuzaji naye anakijua.

Wafugaji wa nyama hutenga watoto na mama kati ya wiki ya nne na ya sita, lakini huwaacha kwenye mazingira yaleyale na kwa chakula kilekile. Kuuza kunataka muda zaidi, maana mwili unabadilishiwa kila kitu kwa siku moja. Nchini Uingereza kanuni za mwaka 2018 za leseni za shughuli za wanyama zinamkataza mwenye duka kuuza sungura wa chini ya wiki nane, na pia mamalia yeyote ambaye hajaacha kunyonya. Katika masoko mengi ya Afrika Mashariki, mwenye kuamua ni muuzaji na dhamiri yake.

Kwa nini basi wauzwe mapema? Kwa sababu hesabu inalipa. Jike anaweza kupandishwa tena siku chache tu baada ya kuzaa, na mimba yake ni siku 31 hivi. Uzao wa pili ukikaribia, wa kwanza hauna budi kupisha. Vitoto vinane vilivyoanza kula vinamaliza gunia la chakula mapema. Lakini sababu kubwa haisemwi hadharani: majuma yanayozunguka kuacha ziwa yana vifo vingi. Mfugaji anayesubiri hadi wiki ya nane huwafukia baadhi yao kwa hasara yake mwenyewe. Anayeuza wiki ya tatu hupokea bei ya kitoto kilicho hai, na kifo kinatokea nyumbani kwa mwingine. Anachouza hasa ni hatari, nayo hatari hiyo haikutajwa kwenye bei.

Hapo ndipo jambo la bandani linapogeuka kuwa swali la dini: je, kuna dhambi katika biashara hii, na kama ipo, aliyetendewa ni nani?

Jibu la kwanza ni jepesi. Aliyedhulumiwa ni mnunuzi. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa habari ya Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu chini ya ile iliyokuwa kavu juu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akamkana mwenye kughushi. Kitoto cha wiki tatu kinachouzwa kama sungura aliyekwisha kuacha ziwa hakina tofauti na nafaka ile. Biblia nayo imejaa maneno makali dhidi ya mizani ya hila. Hadi hapa sheikh na padri hawana ugomvi.

Lakini tuseme muuzaji ni mkweli. Anasema wazi, "Huyu bado ananyonya, anaweza kufa, chukua kwa nusu bei." Mnunuzi anakubali. Hila imekwisha na watu wawili wazima wameridhiana. Je, bado kuna aliyetendewa vibaya? Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndipo wengi wanapokimbilia huzuni ya mama.

Njia hiyo ni ya zamani na ina heshima yake. Katika Sunan Abi Daud, masahaba waliokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama akaja anapigapiga mabawa juu yao. Mtume akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe. Kitabu cha Walawi, sura ya 22, kinataka ndama, mwanakondoo au mwanambuzi akae siku saba na mama yake kabla ya kutolewa sadaka, na kinakataza mama na mwanawe kuchinjwa siku moja. Mwanafalsafa wa Kiyahudi Maimonides, aliyefariki mwaka 1204 huko Misri, alieleza katazo hilo kwa namna inayoshangaza hadi leo: mapenzi ya mama kwa mtoto hayatokani na akili, kwa hiyo uchungu wa mnyama katika jambo hili hauachani na wa binadamu. Nahmanides, wa karne ya 13, hakukubali. Kwake yeye amri hizo zimewekwa ili kumfunza mtu asiwe na moyo mgumu. Hazikuwekwa kwa sababu ya mnyama mwenyewe. Kanisa Katoliki, katika Katekisimu ya mwaka 1992, linaegemea upande unaofanana na huo linaposema kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu.

Tatizo ni kwamba sungura anaziangusha pande zote mbili. Jike wa sungura hakai na watoto wake. Hunyofoa manyoya yake mwenyewe kutandikia kiota, huzaa, kisha huondoka. Hurudi mara moja kwa siku, mara chache mbili, hunyonyesha kwa dakika tatu hadi tano, na kwenda zake. Mfugaji mgeni humwona akadhani amewatupa. Sababu inayotolewa na wengi ni kwamba porini mama anayeketi juu ya kiota angewaonyesha maadui mahali watoto walipo. Basi anayetaka kujenga kesi juu ya machozi ya mama atatafuta machozi hayo bandani asiyaone. Jike huyo huenda tayari ana mimba nyingine. Naye anayejenga juu ya moyo wa muuzaji atajibiwa kwamba muuzaji ni mpole sana, anavibusu vitoto kabla ya kuviweka boksini.

Wanaosogea karibu zaidi na ukweli ni watu ambao wasomaji wa pwani hawangewatarajia: mafakihi wa Kishafii, wale ambao vitabu vyao vimesomeshwa kwa vizazi vingi Lamu na Unguja. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj kwamba mwenye mnyama asikame kiasi cha kumdhuru mtoto wa mnyama huyo. Wafafanuzi wa kitabu hicho, walipofika kwenye mlango wa biashara na katazo la kumtenga mama na mwanawe, waliuliza: na mnyama je? Wakajibu kwamba ni haramu kumtenga mtoto wa mnyama na mama yake maadamu bado anahitaji maziwa; akiacha kuyahitaji, inaruhusiwa.

Katika kipimo hicho mama hakuulizwa kama analia, wala muuzaji kama ana huruma. Kinachoulizwa ni kimoja: mtoto bado anahitaji ziwa au halihitaji tena? Haki imewekwa kwenye mwili wa kitoto chenyewe. Ikiwa hivyo, kuridhiana kwa muuzaji na mnunuzi hakutoshi, kwa sababu wawili hao wanapatana juu ya haki ya mtu wa tatu ambaye hakuwa na sauti katika mapatano. Nusu bei haimlipi yeye. (Kwamba nyama ya sungura ni halali kwa Masuni na haramu kwa Mashia Ithnaashari, au kwamba Taurati inamhesabu sungura kuwa najisi, hakubadilishi kitu hapa. Asiyeliwa naye huona njaa.)

Kipimo hicho kina kipengele kinachokera. Mafakihi haohao waliruhusu kumtenga mtoto anayenyonya endapo atachinjwa. Msomaji wa leo ataona ni kinyume: iweje kumchinja kuwe halali na kumuuza akiwa hai kuwe haramu? Ukikaa na swali hilo utaona lina mantiki yake, hata kama hutalipenda. Aliyechinjwa haja yake ya maziwa imekoma papo hapo. Aliyeuzwa hai ameondoka na haja yake yote, kwenda mahali ambapo hakuna wa kuitimiza, na atakufa kwa kuharisha siku kadhaa. Walichokuwa wakikiepuka ni uhai ulioachwa bila tegemeo. Makala haya yanaona wako sawa katika hilo, na jambo hilo linajibu hoja inayosikika kila mara kwamba sungura huyu ni wa kuliwa tu, akifika wiki ya kumi na mbili atakuwa kwenye sufuria, kwa hiyo ya nini kumhurumia. Kuliwa kwake kesho hakumpi mtu ruhusa ya kumnyima ziwa leo. Izzuddin bin Abdissalam, fakihi mwingine wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenye kumfuga, na kati ya hizo ni kumlisha hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida, na kutowachinja watoto wake mbele ya macho yake. Mtu huyo hakuwa akikataza nyama.

Ipo hoja nyingine nzito zaidi ya ile ya sufuria, nayo ni ya umaskini. Sungura ni mfugo wa asiye na shamba. Banda lake linakaa nyuma ya nyumba ya kupanga, mtaji wake ni mdogo, na mara nyingi mmiliki ni kijana au mama wa nyumbani. Ada ya shule haisubiri wiki ya nane. Nani atamhukumu? Ila mtu asisahau anayenunua. Vitoto vya bei rahisi havinunuliwi na tajiri. Hununuliwa na kijana mwingine anayeanza, kikundi cha kina mama waliochangishana, au wanafunzi wa klabu ya 4-K, zile klabu za kilimo ambazo Kenya ilizifufua mashuleni mwaka 2021. Vitoto sita vikifa juma moja, mradi umekufa navyo, na watu wanabaki wakisema sungura hawafugiki. Maskini amemsukumia maskini mwenzake hasara.

Wafugaji wa kale walilijua hili bila maabara. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Esau anataka waongozane na Yakobo, na Yakobo anamwomba atangulie: ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, na ikiharakishwa hata siku moja itakufa yote. Yeye atakwenda taratibu, kwa mwendo wao. Hayo hayakuwa mahubiri. Ni mtu aliyeijua mali yake akipanga safari kwa kumfuata aliye dhaifu kuliko wote kundini.

Mfugaji anayebanwa na nafasi ana njia kabla ya kuuza mapema: achelewe kumpandisha jike, atenge banda moja la watoto walioacha ziwa, aandike tarehe ya kuzaa kwenye kadi ya banda. Na wewe unayetaka kununua, uliza tarehe hiyo kabla ya kuuliza bei. Hesabu wiki nane. Omba kuwaona wakiwa wametengwa na mama, wakila na kunywa wenyewe, na ondoka na chakula walichozoea cha siku saba ili ukichanganye na chako kidogo kidogo. Muuzaji asipoweza kutaja siku waliyozaliwa, rudisha pesa yako mfukoni, hata kama kitoto kimekwisha kukulalia kiganjani.