Ofa ya rafiki, ini ni lako

Wapo vijana wetu, hapa Utemini na kwingineko, wanaoswali Ijumaa kisha jioni wakakaa na marafiki wakanywa "mbili tatu". Ukiwauliza watakuambia: sisi si walevi, tunachangamsha mazungumzo tu.

Hoja hiyo ilishajibiwa zamani. Mtume (saw) amefundisha kuwa kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu. Na katika Suratul Maida aya ya 90 hatukuambiwa tupunguze, bali tujiepushe.

Madaktari nao wamefika hapo hapo. Mwaka 1988 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Januari 2023 WHO ikatamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Pombe hupandisha shinikizo la damu na huharibu ini, nalo ini haliumi mapema. Asiyepepesuka hudhani yu salama, kumbe kila raundi inahesabiwa mwilini.

Anayeacha pombe hupoteza kijiwe chake. Basi tusimkemee kisha tukamwacha peke yake. Tumkaribishe kwenye darsa, na kwenye kahawa baada ya Isha. Suratu Zukhruf aya ya 67 inatukumbusha kuwa Siku ya Kiyama marafiki watageuka maadui, isipokuwa wachamungu.

Wabillah tawfiq.